Sista Aliyekwenda Jego Kumwomba Mwanafunzi

Habari za kifo cha Sista zilinikuta Kombani, mkono mmoja umeshika mkungu wa ndizi na mwingine umeshika simu, katikati ya kupatana bei na mama mmoja ambaye hajawahi kunishinda wala hajawahi kushindwa. Ujumbe ulikuwa mfupi: Sista ametutoka huko kwao bara, katika nyumba ya masista wazee, alilala, hakuamka. Niliusoma mara mbili, kama nisomavyo kila kitu, maana siku hizi wako watu wanaotangaza msiba kabla mgonjwa mwenyewe hajaarifiwa. Mara ya pili maneno yalikuwa yale yale. Muuzaji aliniona uso umebadilika, akauliza ni nani. Nikamwambia. Akafuta macho kwa ncha ya leso, kisha akateremsha bei bila kuombwa. Nami, Mungu anisamehe, nikalipa upesi kabla huzuni yake haijapoa. Nalisema hili mapema kwa sababu marehemu angelicheka kuliko mtu yeyote, na sioni kwa nini nimwandikie kwa uso wa kununa ambao yeye mwenyewe hakuwa nao.

Wasomaji wa upande huu hawahitaji kuambiwa ni Sista yupi. Kwa wengine: alikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya Kikatoliki ya wavulana hapa Kwale, akisimamia usajili wa wanafunzi wapya, mabweni na jiko, yaani kila kitu ambacho mzazi hulalamikia. Mimi sikusoma pale. Nilimjua kwa njia nyingine. Kabla sijaanza kuuza maneno gazetini niliuza masanduku ya bati, ndoo, magodoro na kufuli, na kila siku ya kufungua shule nilikuwa nje ya lango lile, nikiwangoja wazazi waliosahau kitu. Mzazi aliyesahau kitu langoni mwa shule hana nguvu ya kupatana bei. Ndiyo siri ya biashara hiyo, na nimeshaiacha, kwa hivyo mnaweza kuijua.

Mwaka wa kwanza wa Sista pale, zamani za kidato cha kwanza, alikuwa amepanga siku ile kama watu wa bara wanavyopanga mashamba ya chai. Meza ya karatasi hapa, meza ya daktari pale, na mwisho meza ya kukagua masanduku. Foleni moja, mzazi mmoja kwa kila mtoto, hakuna kukaa. Ulikuwa utaratibu mzuri sana na ungefaa mahali pengine popote. Tatizo ni kwamba huku kwetu kusini mtoto hapelekwi shule ya bweni, husindikizwa. Likaja lori dogo kutoka Jego, kule karibu na Vanga, likashusha bibi, mama, ami, shangazi, jirani anayejua Kiingereza, jirani anayedai kujua Kiingereza, na katikati yao mvulana mwembamba ndani ya sare iliyompwaya. Niliwahesabu. Nikarudia kuwahesabu, na mara ya pili walikuwa wameongezeka.

Ami, ndugu wa babake yule mtoto, ndiye aliyekuwa msemaji wao. Alisimama mbele ya meza, akarekebisha kofia yake, akaanza kama inavyopasa: salamu, kumshukuru Mola, safari ilivyokuwa, mvua ilivyochelewa, ukoo ulikotoka. Alikuwa hajafika kwa babu wa mtoto Sista alipoinua kichwa. "Mzee, cheti cha daktari kiko wapi? Kijana abaki hapa. Wengine mngojee nje." Ami akabaki mdomo wazi, kama bomba lililokatiwa maji. Lakini hilo lingesameheka. Lililoharibu ni sanduku. Bibi alikuwa amempakia mjukuu wake ng'onda, samaki wa kukaushwa, waliofungwa vizuri kwa karatasi, na harufu yake ilikuwa imetangulia kufika mezani. Kanuni za shule zilikataza chakula bwenini kwa sababu ya panya. Sista akakiinua kifurushi kwa ncha za vidole viwili, akampa mfanyakazi wa jikoni, akasema bila ubaya wowote, "Tupa hii."

Bibi alikuwa hajatamka neno tangu ateremke. Alikichukua kifurushi mkononi mwa yule mfanyakazi, akakipangusa ingawa hakikugusa chini, akakirudisha sandukuni na kufunga kufuli. "Mwanangu," akamwambia mjukuu, "beba godoro lako. Nyumba isiyosalimu mgeni haiwezi kumlisha." Wakaondoka wote, wakanipita pale langoni, mtoto akiwa ameinama hadi kidevu kimegusa kifua. Nyuma yao nikamsikia Sista akiita, "Anayefuata!"

Siku mbili baadaye alikuja kibandani kwangu Kombani. Alikaa juu ya sanduku langu moja bila kukaribishwa, jambo ambalo kwa mteja ni ishara ya kununua na kwa Sista ilikuwa ishara ya uchovu.

"Wewe unawajua watu wa lile lori?"

"Nawajua kama mteja anavyojulikana, Sista. Yule bibi alipatana nami bei ya sanduku mpaka nikakaribia kumlipa yeye alichukue."

"Mtoto hajarudi."

"Harudi."

"Asiporipoti kufikia Ijumaa, nafasi yake anapewa mwingine, na hatapata shule nyingine. Mtoto amefaulu vizuri kuliko wenzake wote wa upande ule. Wao wanalijua hilo?"

"Wanalijua. Ndiyo maana walikuja wote."

 Nikaona jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu mwenye cheo: aliamini. Hakuniuliza kwa nini watu wa Pwani hawawezi kufuata foleni, hakuniambia kwamba alikuwa na kazi nyingi. Aliuliza tu afanye nini. Nikamwambia awaendee kwao, lakini asiende peke yake. Kumwomba mtoto katika nyumba ya watu kunahitaji mtu wa kutangulia kusema, na mtu huyo hupatikana kwa masharti. Akauliza yangu ni yapi. Nikasema nataka kuuza bidhaa zangu ndani ya lango badala ya nje. Akafikiri kidogo. "Ndani ya lango, sawa. Lakini utauzia mbele ya mlango wa kanisa." Nilikubali haraka, nikidhani nimemshinda. Mwaka uliofuata ndipo nilipogundua jinsi ilivyo vigumu kumwapia mteja kwamba bati halitashika kutu huku padri amesimama hatua chache nyuma yako akisikiliza.

Alhamisi tukashika njia kwa pikapu ya shule. Tulipitia Ukunda kununua zawadi, na hapo nikaanza kuwa na wasiwasi juu ya ujumbe wetu, kwa sababu Sista alimchagulia bibi leso ya buluu kwa kuwa aliipenda rangi, bila kusoma maneno. Ilikuwa imeandikwa kwamba mume wa jirani si wa kuazima. Nikamrudishia muuzaji, tukachukua nyingine iliyozungumzia subira. Kutoka hapo hadi Lunga Lunga nilimfundisha: viatu mlangoni, shikamoo kwanza, usitaje shida yako mpaka uulizwe, na ukiletewa chakula, kula. "Chakula gani?" akauliza. Nikamwambia yeye anakijua, wameshaonana.

Jego tulipokewa na ami, kwa adabu kamili na ubaridi kamili. Alituketisha ukumbini; nyuma ya pazia la mlango wa ndani tulisikia wanawake wakipumua. "Karibuni," akasema ami. "Au mmepotea njia?" Nikakohoa, nikaanza kwa maneno ya heshima kuliko yote niyajuayo, ambayo bahati mbaya ni yale ya kuposa. Nikasema hatukupotea, ila tumeona ua zuri katika bustani ya nyumba hii, na tumekuja kuomba. Ami akanikazia macho. "Ua? Binti yangu bado mdogo. Na wewe, bwana, mkeo wa Kombani ana habari?" Kabla sijajibu, Sista, aliyekuwa akifuatilia kwa makini na kuelewa nusu, akatikisa kichwa kwa uzito wote. "Ndiyo," akasema, "mkewe ana habari." Pazia likapasuka kwa kicheko. Shangazi alitoka nje akishika mbavu. Hata ami alilazimika kuvua kofia na kuichunguza ndani, kana kwamba kilichomchekesha kimo humo.

Kicheko kile kilifanya kazi ambayo maneno yangu yasingeifanya. Bibi alitoka nyuma ya pazia, akafuta machozi ya kicheko, akakumbuka kwamba amekasirika. Sista alinyanyuka, akainama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kumbe unaijua."

"Nimejifunza leo njiani."

"Leo si mbali. Kaa." Bibi akakaa mkabala naye, akamtazama kitambaa cha kichwani. "Nilipokuona siku ile nilifurahi, nikasema, huyu amejifunika kama mie, huyu ni mtu wa dini, tutasikizana. Kisha ukatupa chakula. Dini gani inatupa chakula?"

"Hakuna, bibi."

"Basi ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naogopa panya."

Bibi alitafakari jibu hilo, akaona ni la kweli. "Panya ni wabaya," alikiri. Na kutoka hapo, wasomaji wangu, nikashuhudia mapatano ambayo mimi, niliyejiona bingwa, niliyafuata kwa kunyamaza kama mwanafunzi. Bibi alitaka mjukuu aende na ng'onda wake. Sista akasema bwenini haiwezekani, watoto wengi wanalala chumba kimoja na harufu haijui kitanda cha mwenyewe. Bibi akasema basi wawekwe kwake Sista. Sista akasema kwake kuna masista wenzake, na wao pia wana pua. Bibi akataka mtoto aende msikitini Ijumaa. Sista akakubali kabla hajamaliza, na bibi akashuka moyo kidogo, maana jambo linalokubaliwa upesi hivyo halina utamu. Akaongeza Ramadhani: daku ipikwe, futari ipikwe, na si uji wa maji. Sista akaomba apewe mtu wa kuwafundisha wapishi wa shule. Shangazi akajitolea pale pale. Wakarudi kwa ng'onda. Hatimaye Sista akasema, "Bibi, hebu tufanye hivi. Wasikae bwenini wala kwangu. Waende jikoni, wapikwe usiku wa kwanza wa kijana, waliwe na wanafunzi wapya wote." Bibi akasema, "Wote? Na watoto wa bara?" "Na wa bara." "Hawatawaweza." "Watajifunza. Mimi najifunza." Bibi akageuka akaita ndani waandae sinia. Ng'onda waliopikwa kwa nazi na wali, Sista aliwala mpaka akatafuta ukoko. Nilimwangalia usoni mara mbili nione kama anajikaza. Hakuwa anajikaza.

Mwisho akaitwa mtoto mwenyewe, ambaye hakuna aliyekuwa amemwuliza chochote. Alisimama mlangoni. "Unataka kwenda?" akauliza bibi. "Nataka," akasema, kisha akakusanya ushujaa wote wa umri wake. "Lakini safari hii anipeleke mtu mmoja. Wenzangu walinicheka."  "Mmoja," akasema bibi. "Vyema. Mmoja ni mimi." Sista akaomba amchukue palepale kwenye pikapu, kwa sababu kesho yake ndiyo Ijumaa. Bibi akakataa katakata. Mtoto si gunia, hachukuliwi jioni na gari lililokuja kwa shughuli nyingine. Atamleta mwenyewe asubuhi.

Asubuhi hiyo nilikwenda langoni bila biashara yoyote. Sista alikuwa amesimama nje. Mwalimu mkuu alituma mtu mara ya kwanza kuuliza kama apeleke majina yalivyo. Sista akasema bado. Akatuma mara ya pili, bado. Alikuwa ametoa ahadi ofisini kwa kuitegemea ahadi ya mwanamke aliyejuana naye kwa sinia moja ya wali. Mara ya tatu mwalimu mkuu alikuja mwenyewe, na alikuwa angali anasema alipotokea bibi barabarani, peke yake na mjukuu wake, kama alivyoahidi. Sista aliteremka hadi chini kwenye lami kuwapokea, akambebea bibi kifurushi chake kwa mikono miwili. Nusu saa baadaye, jina la mtoto lilipokwisha kuandikwa, likafika lile lori dogo na ukoo mzima. Walikuwa wamejificha kwenye kona wakingoja. Mtoto alijifunika uso. Bibi akasema hawajui, wametokea wapi watu hawa.

Usiku huo ng'onda walipikwa. Mwaka uliofuata Sista aliwaandikia wazazi wote kwamba kila mwanafunzi mpya aje na kitu kimoja cha kwao cha kutia chunguni, na desturi hiyo haijafa. Nimewahi kukila chakula cha usiku wa kwanza: muhogo wa Msambweni, omena wa ziwani, githeri ya mahindi na maharagwe, nazi, viazi vitamu vya mtu asiyejulikana. Kusema kweli si kitamu. Ila wavulana wasiojuana hukizunguka wakibishana ni kipi cha kwao na kipi kimeharibu cha wenzao, na kufikia masufuria yanapooshwa hakuna mgeni tena.

Mapatano ya Ramadhani nayo yalizaa mambo. Shangazi wa Jego aliwafundisha wapishi vizuri mno, hata ikawa futari ya wanaofunga ina mahamri, mbaazi na uji wa pilipili manga, ilhali wasiofunga wanakula kabichi ile ile ya siku zote. Basi kina Petero na kina Yohana wakaanza kufunga. Siku ya kwanza wachache, kisha nusu ya bweni. Sista hakumfukuza mtu. Alisema tu kwamba anayefuturu lazima aamke kula daku, na chamcha cha mchana asikionje. Wengi walirudi kwenye kabichi upesi. Lakini walibaki baadhi waliofunga mwezi wote, kwanza kwa ajili ya mahamri, baadaye kwa sababu waliona haya kuwaacha wenzao katikati. Kwaresima ilipofika, vijana wa Kiislamu wakatangaza kwamba nao wanaacha sukari ya chai. Sista aliniambia hakuwahi kupewa zawadi kubwa kuliko hiyo, tena iliyookoa gharama.

Siku hizi hatuna kidato cha kwanza tena. Kuna Gredi ya Kumi, na mtoto hupangiwa shule na mtambo wa kompyuta, habari ikamfikia kwa simu. Sina ugomvi na mtambo. Haumjui mtu, kwa hivyo haumpendelei mtu, na mimi niliyeuza langoni najua thamani ya hilo. Lakini mtambo unampanga mtoto, haumpokei. Kuna watoto wa huku kwetu ambao majina yao yamo shuleni na wenyewe wako ufuoni Diani wakiwauzia watalii vinyago, na ukiuliza sababu utaambiwa karo, ambayo mara nyingi ni kweli. Mara nyingine, ukikaa kidogo na kunywa chai, utaambiwa habari ya mtu fulani kwenye meza fulani ambaye hakuinua kichwa.

Jumamosi iliyopita ilisomwa misa ya kumkumbuka Sista pale shuleni. Ndugu zake walishuka kutoka bara kwa treni, wakakalishwa mbele, safu ya jamaa. Kabla ya kuanza alifika bibi wa Jego, sasa mzee sana, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Mtoto yule hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Leo anashughulikia hati za malori mpakani Lunga Lunga, na ana kitambi cha heshima. Bibi hakuuliza viti vya wageni viko wapi. Alikwenda moja kwa moja mbele akakaa miongoni mwa jamaa. Kaka wa marehemu akamwinamia kwa upole. "Shikamoo, mama. Samahani, wewe ni wa upande gani?" Bibi akamwonyesha mjukuu wake kwa kidevu. "Mie na dadako tulilea mtoto mmoja." Yule kaka akasogea, akampisha akae vizuri.

Nimeishi kwa kupatana bei, na nimepima vitu vingi ni ghali kwa nani na rahisi kwa nani. Sista aliajiriwa kusajili watoto, akagundua kwamba hakuna mtoto anayekuja peke yake, hata aombe asindikizwe na mtu mmoja tu. Ukimtaka yeye, utaondoka mezani uisalimie nyumba yake. Hiyo ndiyo bei, haipungui, na sijaona mtu aliyeilipa akapata hasara.